Walizipigilia Santuri Zake Ukutani

Siku waliyomsifu, mimi nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma katika ukumbi wa hoteli moja pale Shangani, meno nimeyauma. Kulikuwa na kiyoyozi, sambusa, juisi ya ukwaju kwenye glasi za miguu mirefu, na picha yake kubwa mlangoni iliyozungushwa maua ya plastiki. Mkurugenzi wa redio alishika maikrofoni akasema, "Huyu alikuwa kijana wetu. Sisi ndio tuliomlea." Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Mwanamke aliyekaa pembeni yangu aliitazama mikono yangu, nikaiingiza ndani ya buibui, maana nilikuwa nimekunja ngumi.

Nataka kusema yule mtu alikuwa nani, kwa sababu waliosimama mbele siku ile hawakusema. Nilijipa muda kwanza hasira inipoe ndipo nisimulie kwa utulivu, kama anavyotakiwa mwalimu. Haipoi. Basi nasimulia nayo hivyo hivyo.

Alizaliwa Jang'ombe, nyumba iliyopakana na yetu. Babu yake alikuja kutoka bara kufanya kazi bandarini akabaki hapa. Baba yake alikufa yeye hajaanza hata chuo cha Kurani, akalelewa na mama yake, na mama yake alikuwa mpiga kidumbak. Wasiokijua kidumbak wajue kwamba ni muziki wa harusini: fidla, vigoma viwili vidogo, watu wa kuitikia, na sanduku. Sanduku ni kasha la mbao lililotiwa fimbo na kamba moja. Mpigaji huivuta kamba ikatoa sauti nzito inayosikika kifuani kabla haijafika masikioni. Mama yake alikuwa mwimbaji, na mpiga sanduku akikosekana alilishika mwenyewe. Wanaume wengine walicheka, wanawake wengine walinuna. Yeye aliendelea kupiga. Mtoto alikuwa akilala nyuma yake, harusi hata harusi, kichwa karibu na kasha, na mama anasema ndiyo maana hakuwa mtoto wa kuogopa radi.

Hip hop aliletewa na mjomba wake, baharia, aliyekuwa akirudi likizo na santuri badala ya nguo. Alianza kuzisikiliza kwenye gramafoni mbovu ya jirani. Baadaye mjomba akamletea mashine mbili za kuchezea santuri, zilizokwishatumika, na kifaa cha kuchanganyia sauti ambacho alilala nacho kitandani siku za mwanzo kama mtu aliyepewa mtoto wa paka. Hapo ndipo mtaa mzima ukaanza kumwita Dijei, na jina lake la kuzaliwa likabaki kwa mama yake na kwa walimu.

Kitu alichokifanya ambacho hakuna aliyekitaja ukumbini ni hiki. Alichukua kaseti za kundi la mama yake, akaikata ile sauti ya sanduku, akaiweka chini ya ngoma za hip hop. Hakuifanya iwe pambo. Aliifanya iwe sakafu, kila kitu kingine kikasimama juu yake. Mara ya kwanza alipoipiga, dirisha wazi, wanawake wa makamo waliokuwa wanapita kwenda sokoni walisimama njiani wakawa wanatazamana. Waliijua sauti, hawakujua imeingiaje mle.

Redio ikamchukua. Alipewa kipindi cha alasiri, saa ambazo wakubwa wa redio waliona hazina msikilizaji. Akawaita watoto wa mjini na wa shamba waje wachane mistari hewani, na sharti lake lilikuwa moja.

"Usiniletee mtu wa Dar, wala usiniletee Mmarekani," alikuwa akisema. "Kwenu mnasema nnakwenda? Basi sema nnakwenda. Kama umetoka Tumbatu, chana Kitumbatu chako. Asiyeelewa atauliza."

Walikuja. Walikuja kutoka Makunduchi na lafudhi yao ambayo shuleni walikuwa wakichekwa, na hewani lafudhi ile ile ikageuka kuwa kitu cha kuringia.

Mimi nilikuwa nafua uani. Nilikuwa na tabia ya kujisemea mistari huku nafikicha nguo, nikifuata mlio wa mikono kwenye karai. Siku hiyo nikasikia sauti kutoka ng'ambo ya ukuta.

"Nani huyo?"

"Mimi."

"Rudia hiyo ya mwisho."

Niliona haya, nikainamia karai. Akasema tena, "Rudia, dada, sikucheki." Nikarudia. Nikasikia mlango wao unafunguliwa na hodi kwetu. Hakuja peke yake. Alimleta mama yake, kwa sababu alijua baba yangu ni mtu gani.

Baba alimsikiliza hadi mwisho. Halafu akasema, "Msichana na maikrofoni wapi na wapi?"

Mama yake Dijei akajibu kabla mwanawe hajafungua mdomo. "Mimi n'na umri mzima na maikrofoni, jirani. Ushawahi kuniona nimepitwa na swala?"

Baba akasema, kwa sauti ya mtu anayetafuta pa kutokea, "Nani atakwenda naye?"

"Mimi."

Na alikwenda. Kila nilipokuwa na zamu, bibi yule alikaa kwenye benchi nje ya studio, mkoba mapajani, akisikiliza kupitia mlango. Wafanyakazi wa redio walianza kwa kumkatia jicho, wakaishia kumletea chai.

Nina shangazi Nungwi, dada yake baba, aliyeolewa huko. Kazi yake maisha yake yote ilikuwa kwenda pwani maji yakitoka kuchokoa pweza. Mwaka huo ukuta wa hoteli moja ya huko uliteremka hadi mchangani, na njia waliyopita wanawake ikawa na mlinzi. Shangazi alirudishwa. Hakutukanwa, aliambiwa kwa adabu kwamba azunguke, na kuzunguka kwenyewe ni kwenda mbali hata maji yanakuwa yameanza kujaa anapofika. Alikuja mjini akakaa jikoni kwetu na kusimulia, huku anajaribu kucheka, na kucheka kwenyewe kukamshinda. Nilikwenda chumbani nikaandika. Alasiri iliyofuata nilichana hewani, na mwanzo wake ulikuwa hivi:

*Mimi na bahari nyumba yetu ni moja,*
*leo nabisha hodi, mlinzi anasema ngoja.*

Sikutaja jina la hoteli. Sikutaja jina la mtu, hata langu. Nilisema habari za shangazi, kikapu chake, na maji yanayojaa. Dijei aliacha sanduku lilie chini ya maneno yangu, na nilipomaliza akaliacha livume peke yake hewani. Kisha simu ya studio ikaanza kulia. Wa mwanzo kupiga walikuwa wanawake wa Nungwi. Waliofuata hawakuwa wanawake wa Nungwi.

Kesho yake aliitwa na mkurugenzi. Mama yake alikuwa kwenye lile lile benchi, na mlango wa mkurugenzi ulikuwa wazi kidogo, kwa hiyo tunajua kilichosemwa.

"Nani kaandika yale?"

"Nimeyapiga mimi."

"Sikukuuliza nani kayapiga. Nataka jina la msichana, na nataka aje aombe radhi hewani. Wenye hoteli wanaotupa matangazo wamekasirika."

"Kipindi changu, bwana. Maiki niliifungua mimi. Kama kuna wa kuulizwa, niulize mimi."

"Unamlinda mtoto wa shule kwa kazi yako?"

"Simlindi. Kwani kasema uongo?"

Mkurugenzi akamwambia hana kipindi tena, na aache ufunguo wa studio kwa mlinzi. Mkurugenzi huyo ndiye huyu wa ukumbini, huyu wa "sisi ndio tuliomlea."

Watu walitaka nijilaumu. Baba alisema, "Umeona sasa?" Mwalimu mmoja aliniambia msichana mwenye akili hujua pa kunyamaza. Siku nzima nilikaa ndani nikisubiri Dijei aje anigombeze ili yaishe. Alikuja jioni, akasimama mlangoni.

"Ulisema uongo?"

"Sikusema."

"Shangazi yako kashapita?"

"Hajapita."

"Basi umenuna nini? Kaa kitako uandike nyingine."

Sikujilaumu, na sijilaumu leo. Kosa lina mwenyewe, na mwenyewe namjua ofisi yake ilipo.

Alichofanya baada ya hapo ndicho kilichomfanya awe mtu mkubwa, zaidi ya redio. Alihamisha vitanda vya ukumbi wa mbele wa nyumba ya mama yake, akaweka mashine zake mbili juu ya meza ya kulia, na akatangaza kwa mdomo kwamba Jumamosi asubuhi mlango uko wazi. Alifundisha kuchanganya santuri, kusikiliza, kutengeneza waya uliokatika, kuandika mistari na kuifuta. Kufuta ndiko alikokupenda zaidi. "Hili neno linafanya kazi gani hapa?" alikuwa akiuliza. "Halina kazi? Lifukuze." Nilijifunza sarufi kwake kabla sijaisoma chuo.

Na mji ukamlipa kwa maneno. Walisema anawafundisha watoto bangi. Walisema wasichana wanaingia mle na hawajulikani wanatoka vipi, ingawa mama yake alikuwa amekaa hapo mlangoni na kila mtu anamwona. Imamu wa msikiti wa karibu alimsema kwenye hotuba bila kumtaja, kwa namna ambayo kila mtu aligeuza shingo. Sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, alikuja na vijana wake wa ulinzi, wakapekua. Walikuta santuri, birika la chai, na watoto wanabishana juu ya kina cha mwisho cha mstari. Sheha aliondoka bila kusema samahani. Dijei alifunga mlango nyuma yao, akarudi mezani, akaiweka sindano kwenye santuri. Mimi ndiye niliyetukana, akaniambia nitoke nje nikaoshe mdomo.

Waliopita katika ukumbi ule ni wengi, na siwezi kuwataja wote. Yupo msichana wa Jang'ombe anayesoma habari sasa, na ukimsikia utajua amefundishwa kupumua na nani. Yupo aliyesoma sheria chuoni Tunguu na kila siku anasema kubishana alijifunzia mle, si darasani. Yupo kijana aliyekuwa haongei kabisa kwa kigugumizi. Alipewa waya na chuma cha kulehemu, na leo ndiye anayeitwa misikiti ya nusu ya mjini spika zikiharibika. Msikiti wa yule imamu umo. Mimi nafundisha Kiswahili sekondari. Hakuna hata mmoja wetu aliyelelewa na redio ile.

Kisha alipigwa na kiharusi. Alikuwa bado hajawa mzee, na alikuwa akifanya kazi kupita kiasi, harusi na mikutano, kubeba spika ngazi juu ngazi chini katika majumba ya Mji Mkongwe. Upande wake wa kulia ulikufa, mkono na mguu, na maneno yakawa yanamtoka mazito. Mkono wa kulia ndio uliokuwa wa santuri. Alijaribu kwa kushoto. Siku moja nilimkuta peke yake mezani, anaivuta santuri nyuma kwa vidole ambavyo havikuzoea, na inaruka. Nilisimama pale mlangoni, na nadhani uso wangu ulinisaliti.

"Usinionee huruma," alisema, taratibu, neno moja moja. "Njoo uishike hii."

"Nafanya vipi?"

"Kama nnavyokwambia."

Tukafanya hivyo, akili yake na mkono wangu, mpaka santuri ikalia inavyotakiwa. Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Halafu ghafla akakitupa kikombe cha chai ukutani, na mama yake akaja akafagia vigae bila kumuuliza. Kwa muda wote aliougua, wanafunzi wake walikuwa wakipokezana kumpeleka hospitali, kumkanda, na kuwafundisha watoto wa Jumamosi. Kutoka redioni hakuja mtu. Hata yule aliyerithi kipindi chake, ambaye alikuwa akiipiga ile sauti ya sanduku kila alasiri kama kitambulisho cha kipindi na hamtaji mwenyewe, hakuja.

Alikufa asubuhi, akazikwa baada ya swala ya alasiri. Mtaa wote ulijaa, na wale waliomsema walikuwemo; sikuwashangaa, maziko ni ya wote. Siku ya hitma walikuja vijana wawili waliovaa fulana za redio pamoja na mama mmoja wa ile hoteli ya Shangani, nadhifu, mtandio mzuri, sauti ya chini. Walimkuta mama yake amekaa mkekani katikati ya wanawake. Wakamwambia wanataka kuvihifadhi vifaa vya marehemu, mashine na santuri, viwekwe pahala pa heshima vijana wavione.

Mama hakuwa na nguvu hata ya kuinua kichwa. Alisema, "Kama ni kwa ajili ya vijana, chukueni." Mimi nilikuwa jikoni na masufuria ya pilau. Nilipotoka, gari lilikuwa limeshaondoka.

Kwa hiyo nilipoalikwa kwenye ile kumbukumbu Shangani, nilikwenda nikitaraji kuona chumba cha vijana. Hotuba zilipokwisha, mkurugenzi na meneja wa hoteli wakavuta pazia pamoja, na nyuma ya pazia kulikuwa na baa. Baa ya pombe. Mashine zake mbili zimefungwa kwa skrubu juu ya kaunta kama vichwa vya wanyama waliowindwa. Santuri zake zimepigiliwa misumari ukutani, kila moja msumari katikati, zimepangwa kwa duara kubwa mfano wa ua, juu ya safu za chupa. Jina lake limeandikwa kwa taa za rangi. Na kwenye orodha ya vinywaji, kimoja kikali kilikuwa na jina lake. Mtu ambaye hakuwahi kuonja pombe katika maisha yake, na aliyekuwa akifunga hata Jumatatu na Alhamisi.

Nilimtafuta mama yake kwa macho. Nikamuuliza yule mama wa hoteli.

"Tuliona asisumbuliwe," akanijibu. "Ni mtu mzima."

Niliondoka bila kuaga. Nilimkuta mama yake Dijei kwake Jang'ombe anachagua mchele kwenye ungo. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama," akaitika marahaba, akaniangalia usoni, akauweka ungo chini.

"Kuna nini?"

"Vitu vyake vimewekwa baa."

"Baa?"

"Baa, mama. Juu ya chupa."

Nilidhani atalia, na nilikuwa tayari kulia naye. Badala yake akauliza, "Na jina lake?"

"Wameliandika kwa taa."

"Kesho asubuhi uje unichukue," alisema. "Na waambie wenzako."

Asubuhi tulikwenda. Msoma habari alikuja, mwanasheria alikuja na mume wake, na fundi wa spika alikuja na bisibisi na mkokoteni aliouazima. Mama alitangulia mbele. Meneja alitupokea kwa tabasamu, kijana wa shati jeupe, hana ubaya wa sura.

"Karibuni. Bi, nikuletee nini? Kahawa? Juisi?"

"Niletee vitu vya mwanangu."

Tabasamu likabaki pale pale, halina kazi tena. "Bi, ulivitoa mwenyewe. Na hapa, ndugu zangu, watu wa dunia nzima watamjua."

"Watamjua kwa lipi?"

"Kwa muziki wake."

"Upi umewapigia?"

Hakuwa ameupiga hata mmoja. Alisema lazima aulize. Mama akasema aulize, na akakaa kwenye kiti cha mapokezi, kile cha nakshi wanachokaa wageni kupiga picha, na mkoba wake mapajani. Wazungu waliingia na masanduku yao, wakazunguka, wakatoka. Walinzi walikuja wakamsimamia. Mmoja wao akasema polepole, "Shikamoo mama," akarudi mlangoni, hakutaka tena kuhusika. Sisi tulisimama nyuma ya kiti.

Aliyekuja ni mkurugenzi wa redio mwenyewe. Alianza na pole, akaendelea na jinsi alivyompenda marehemu. Nilishindwa kuvumilia. Nikatoka nyuma ya kiti.

"Ulimfukuza," nilimwambia.

"Mambo ya kazi, mwanangu. Yalikwisha."

"Ulimfukuza kwa mistari yangu. Ulitaka jina la msichana. Ndiye mimi."

Alinitazama. Nilikuwa nimeisubiri siku hii tangu nikiwa na sare ya shule, na nilikuwa na maneno tayari, yamepangwa, hayana hata moja la kufukuza. Akakunja uso kama mtu anayetafuta kitu mfukoni.

"Mistari gani?" akasema.

Hakuwa anajifanya. Ningependa kusema alikuwa anajifanya. Alikuwa amesahau kabisa. Kwetu sisi mambo yote yanahesabiwa kabla na baada ya alasiri ile, na yeye ilimpita kama siku yoyote ya kazi: akafukuza mtu, akaenda kula. Maneno yangu yote yakakosa wa kuambiwa. Mwanasheria wetu akanishika kiwiko.

Mama ndiye aliyesema. Hakuinuka, wala hakupaza sauti. "Ulimsahau alipokuwa hai, bwana. Msahau na sasa. Nipe vitu nnakwenda zangu."

Mkurugenzi akatazama saa, akamnong'oneza meneja, akatoka na simu sikioni. Meneja akasema, "Chukueni." Nadhani alikuwa amechoka kuona wageni wanazunguka kiti.

Kuvishusha ndiko kulikoniumiza kupita yote. Msumari haukuwatosha, walikuwa wametia gundi nyuma ya kila santuri ili isicheze. Tulipozivuta, nyingine zilivunjika, nyingine zilitoka nzima lakini ngozi ya upande mmoja imebaki ukutani, mistari yake yote imechunika. Mashine zilikuwa zimetobolewa chini kupitisha skrubu. Fundi wa spika alikuwa anafungua skrubu moja moja, anatukana kwa kigugumizi, na hakuna aliyemwambia akaoshe mdomo. Tulivipakia kwenye mkokoteni, tukavifunika kanga ya mama, tukapita Darajani mchana kweupe, mama mbele, sisi tunasukuma. Watu waliuliza, "Mnahama?" Mama akajibu, "Tunarudi."

Jina lake lilibaki baa. Mama alimwambia meneja alizime, meneja akasema atalishughulikia. Nimepita wiki iliyokwisha, linawaka.

Mashine moja imepona. Ya pili tunaitafutia mota, na fundi anasema itapatikana. Siku tulipozikagua santuri, tukiwa wote ukumbini kwa mama, tulitenga zinazolia na zisizolia, na rundo la zisizolia likawa kubwa zaidi. Msoma habari alitaka tuzitunze hata hizo, tuzitundike hapa kwetu kwa kumbukumbu. Mama akakataa. Alileta gunia tupu la mchele, akaanza kuzitia ndani yeye mwenyewe, vipande kwa vizima. Fundi akaanza kulia, kisha mwanasheria, kisha mimi, nikiwa bado na hasira hata mle kilioni. Mama alilifunga gunia kwa kamba, akaliburura hadi mlangoni lisubiri gari la taka, akarudi na ufagio.

"Mkimaliza kulia mfagie," alisema. "Kesho Jumamosi."